Kopo la Kukanyaga la Shemeji Issa

Vijana wa vibanda vya simu hapa Nachingwea wameniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi ya ufundi redio miaka ile, kabla macho yangu hayajaanza kuona rangi zote za mistari ya rezista kuwa kahawia. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, nimestaafu na sina kazi. Pili, nikikaa bila kazi mke wangu atanitafutia.

Habari za kupanda cheo hamtazikuta humu. Nilianza nikiwa fundi, msaidizi wa fundi na mfagiaji, na nimestaafu nikiwa na vyeo vyote vitatu. Karakana ilikuwa barazani kwangu. Kutoka kitandani hadi kazini zilikuwa hatua kumi na moja, na wakati wa masika kumi na tatu, kwa kulizunguka dimbwi. Wenzangu walikwenda Mtwara, wakaenda Dar, wakarudi na miwani ya jua. Mimi nilikuwa nikifika sokoni nasikia hamu ya kurudi nyumbani.

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa nimefaulu Kiswahili na kuhudhuria Fizikia. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikapelekwa kwa Fundi Chilumba, Mmakonde aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji na kuweka meza yake nyuma ya soko. Nilidhani siku ya kwanza atanipa pasi ya kulehemu. Alinipa mswaki.

"Fungua hiyo redio," akasema. "Unaona nini?"

Nikaona mende. Mende baba, mende mama, na ukoo mzima.

"Redio za hapa haziharibiki," Fundi akaniambia. "Zinahamiwa. Sugua."

Nikasugua miezi minne. Nanyi mnaocheka, simu mnazofungua leo zimejaa unga wa muhogo, mnasema 'saketi imekufa'. Sugueni kwanza.

Fundi Chilumba alikuwa na kipimo kimoja cha umeme, chenye sindano iliyopinda, ambacho hakukiamini. Betri alizipima kwa ulimi. Ile ndogo ya mraba, ya volti tisa, alikuwa akiigusisha ulimini, anafumba macho kama anaonja mchuzi, kisha anatamka: "Hii ina wiki mbili, ikipigwa taarifa ya habari tu. Wakisikiliza na mpira, siku tano." Nami nikajaribu. Nikasema "aaa" na nikashindwa kula ndizi mchana ule. Ila mwaka wa pili nilikuwa najua. Mpaka leo naweza kulamba betri nikakuambia umri wake, na hakuna mtu hata mmoja anayeniuliza.

Fundi aliporudi kwao, aliniachia pasi, kopo la skrubu na neno moja: usiguse kitu kabla hujakisikiliza. Nikahamishia kazi barazani, jambo ambalo mke wangu, Mama Zuhura, alilipokea kwa uvumilivu wa wiki mbili hivi.

Kesi ngumu zilikuwepo. Mzee mmoja wa Marambo alileta redio mara tatu kwa baiskeli. Kwangu inaimba, kwake inakoroma. Fundi mwingine angepanda baiskeli akaenda kuangalia. Mimi nikampa karatasi na kalamu, nikamwambia anichoree ukuta wake. Akachora ukuta, msumari, redio ikining'inia, na mke wake akiwa amesimama pembeni amenuna. Nikamwambia redio haikosi kitu, mawimbi yanatoka upande mwingine. Hamishia msumari ukuta wa pili. Akarudi kunishukuru. Aliniambia redio inaongea na mke bado amenuna, lakini huo haukuwa ufundi wangu.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, ile mnayoniuliza kila siku kwa kunicheka. Ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni. Mdogo wake Mama Zuhura, anaitwa Issa, alikuwa mpiga gitaa la solo kwenye bendi ya kule Ruangwa iliyojiita Chapchap Jazz. Walichagua jina hilo wakiwa bado hawajajijua. Wakiahidi kuanza saa tatu asubuhi, saa nane mchana utawakuta wanatafuta mahali pa kuchomeka jenereta.

Issa alifika kwangu na gitaa mgongoni na sura ya mtu aliyetoka kuzika.

"Shemeji," akaniambia, "Makota anataka kunitoa."

Makota alikuwa kiongozi wa bendi, mpiga ngoma mwenye mikono kama michi. Alikuwa amepata kijana wa Masasi mwenye kinanda cha umeme, kinachotoa sauti ya gitaa, ya tarumbeta, na hata ya mvua. Kwenye shughuli iliyokuwa inakuja Mbekenyera, ya kuwatoa wanawali unyagoni, Issa angepiga nusu ya kwanza na kijana wa kinanda nusu ya pili. Atakayewachezesha watu ndiye atakayebaki.

"Na wewe si unapiga vizuri?" nikamuuliza.

"Vizuri sana. Tatizo sisikiki. Makota anapiga ngoma kama anatwanga mihogo. Miaka minane nimo kwenye bendi, shemeji, na hakuna aliyewahi kunisikia."

Mama Zuhura alikuwa anachambua mchicha. Akasema bila kuinua kichwa, "Akitolewa kwenye bendi atahamia hapa."

Nikamtazama Issa. Issa akaitazama baraza yangu, akaanza kuipima kwa macho, mkeka utakaa wapi na gitaa litakaa wapi. Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa jambo. Nikachukua pasi.

Kitu alichokihitaji Issa si kigumu, nanyi mnaweza kukitengeneza kesho. Ni kisanduku kinachokaa katikati ya gitaa na amplifaya. Sauti ya gitaa inaingia ikiwa dhaifu, inatoka ikiwa na nguvu. Haibadiliki, haikwaruzi, haipambwi. Ni sauti ileile, ila imeshiba. Ndani yake kuna transista moja ya kukuza sauti, rezista nne za kupunguza umeme, kapasita mbili za kupitisha sauti na betri ya mraba. Transista niliitoa kwenye redio ya marehemu mmoja ambayo warithi walikuwa wameigombania mpaka ikavunjika. Kapasita ya kuingilia ndiyo mnayopaswa kuichagua vizuri: ikiwa ndogo mno, gitaa linasikika kama mbu. Rezista mbili za mwanzo zinaiweka transista katikati ya umeme wa betri, ili wimbi lipate nafasi ya kupanda na kushuka bila kugonga dari wala sakafu. Nilimwelekeza Issa hayo yote. Akaniuliza kama naweza kuongeza na utamu.

"Utamu ni kazi yako," nikamwambia. "Mimi naongeza sauti tu."

"Kidogo tu, shemeji. Hata rezista moja ya utamu."

Nikaipanga saketi kwenye kipande cha mbao na kuifunika kwa kisahani cha sabuni cha plastiki. Hilo lilikuwa kosa la mtu wa kidato cha nne aliyehudhuria tu. Tukaunga gitaa kwenye amplifaya yangu ya majaribio, Issa akaweka vidole tayari, na kabla hajagusa uzi gitaa likasema, kwa sauti nzito ya kiume, kwamba fulani wa fulani anawasalimu wazazi wake, yeye ni mzima, na anaomba watume shuka.

Mama Zuhura akatoka jikoni. "Issa, umeongea?"

"Si mimi, dada."

"Basi mwambie shemeji yako shuka hatuna."

Msishangae. Mnara wa redio haukuwa mbali, na waya usiofunikwa kwa chuma ukishikana na transista ni redio tayari, upende usipende. Nilikuwa nimejitahidi kutengeneza redio maisha yangu yote, na siku niliyotaka kutengeneza kitu kingine ndipo ikaja yenyewe. Dawa yake ni kufunika saketi yote kwa chuma na kuunganisha chuma hicho na upande hasi wa betri. Chuma pekee cha kufaa nyumbani kilikuwa kopo zito la kuokea mkate la Mama Zuhura. Sitasimulia mazungumzo yetu. Mwishoni alilinganisha kukosa mkate na kuwa na mdogo wake barazani kila alfajiri na gitaa, akanikabidhi kopo kwa mikono miwili.

Ikabaki swichi. Mpiga gitaa hana mkono wa ziada, kwa hiyo lazima iwe ya kukanyaga: ukikanyaga mara moja sauti inapanda, ukikanyaga tena inarudi. Swichi ya namna hiyo haikuuzwa Nachingwea, na pengine hata Dar ungechekwa. Nilikaa siku mbili nikifikiri, ndipo jirani yangu fundi magari akapita na kiti cha lori kichwani. Nikakumbuka kwamba malori ya zamani yalikuwa na swichi ya kubadili taa chini, kushoto kwa klachi. Dereva anakanyaga, taa zinainama, anakanyaga tena, zinainuka. Kwenye gofu la lori nyuma ya gereji yake ilikuwepo moja, imara kama kisigino cha askari. Nikaipachika juu ya kopo lililogeuzwa kifudifudi. Ilifanya kazi mara ya kwanza. Ila ilikuwa ngumu. Ilitengenezwa kwa ajili ya dereva mwenye buti, na Issa alivaa kandambili. Alipoikanyaga siku ya kwanza, kandambili ilikatika na sauti haikubadilika.

Kosa langu kubwa lilikuwa jingine. Kopo likiwekwa karibu na spika, linapiga filimbi ya kutoboa masikio. Kwa hiyo nilimkatia Issa waya mrefu, mita kumi nzima, nikamwagiza kopo likae mbali, mbele kabisa. Kifundi niliwaza sawa. Sikuwaza kwamba mbele kabisa kwenye shughuli ya unyago kuna nani.

Nilikwenda Mbekenyera. Ndiyo, mimi. Mama Zuhura alisema nisipokwenda na kitu kikagoma, baraza imekwisha. Nilipanda basi dogo na nguo za kubadilisha siku tatu kwa safari ya siku moja. Nilipofika nilikuta watu wamejaa, wanawali wameketi wamefunikwa khanga wakisubiri kutolewa, Makota anakaza ngoma zake, na kijana wa Masasi anakifuta kinanda kwa leso nyeupe. Mbele kabisa, juu ya mikeka, wameketi bibi zetu. Katikati yao, kama mgeni rasmi, limekaa kopo la mkate la mke wangu.

Bendi ikaanza. Issa akatokea amevaa mabuti ya mvua, yale ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, akatembea hatua kumi hadi kwenye mikeka, akasema "samahani, bibi", akakanyaga kopo kwa nguvu zote, akarudi hatua kumi mahali pake. Halafu akapiga.

Kwa mara ya kwanza katika miaka minane Issa akasikika. Na hapo ndipo mimi, na Makota, na Mbekenyera nzima tulipogundua jambo ambalo ngoma zilikuwa zimelificha. Issa alikuwa anapiga chochote. Mtu akikaa miaka minane bila kusikika, anazoea kusema anavyotaka. Alikuwa anapanda, anashuka, anageuka, anaanza wimbo mwingine katikati ya huu, anajisalimia. Sauti ilikuwa safi kabisa, siwezi kujisifu zaidi ya hapo. Kila kosa lilifika likiwa zima.

Watu waliokuwa wameanza kucheza wakasimama. Makota akamtazama kijana wa kinanda, akatikisa kichwa kumwambia jiandae.

Hapo akainuka Bi Asumini. Huyu alikuwa mtani wa ukoo wa mwenye shughuli. Wengine mmekulia kwenye simu, basi niwakumbushe: kwenye shughuli, mtani ana ruhusa ya kuvuruga. Anaweza kuketi juu ya kifuniko cha sufuria ya wali, anaweza kumfukuza bwana harusi, na kitu chochote kilicholetwa hapo ni halali yake kukikamata. Wewe ukinuna, umeshindwa, na utachekwa mpaka msimu ujao.

"Nani anamchuna paka?" akauliza Bi Asumini.

Akasogea kwenye kopo, akalitazama, akainua mguu wenye nyufa za kilimo cha miaka sitini, akakanyaga. Swichi ya lori iliyomshinda Issa kwa kandambili ikatii mguu mtupu. Gitaa likapotea.

Issa akaja mbio. "Bibi, naomba, hiyo ni ya kazi."

"Nimeikamata."

"Bibi, mimi si wa ukoo huu."

"Umekula pilau yao?"

Issa akakubali kwamba amekula.

"Basi rudi ukapige. Ikinifurahisha nitaifungua."

Akalikalia kopo kama kigoda, mguu kando ya swichi. Watu wakaangua kicheko na hakuna aliyemtetea Issa, mimi nikiwa wa kwanza kutomtetea. Issa akarudi. Nusu yake ilikuwa inakwisha, na kazi yake ilikuwa chini ya wayo wa bibi wa watu.

Makota akashusha ngoma ili bibi asikie, Issa akapiga mbwembwe zake. Bi Asumini akawa anachokonoa meno. Akapiga haraka zaidi. Bibi akapiga miayo. Mwishowe Issa akachoka, au akakata tamaa, akaanza kugusa uzi mmoja mmoja, taratibu, wimbo ambao kina mama walikuwa wameuimba asubuhi wakiwaosha wanawali.

Mguu wa bibi ukashuka, swichi ikalia. Kaa.

Gitaa likatoka kwenye spika wazi, jembamba, kila noti imesimama peke yake. Kina mama wakaudaka wimbo. Issa alipoona wanaitikia, akaona ajipambe kidogo, akapanda na kushuka. Kaa. Kimya. Akarudi kwenye wimbo haraka. Kaa. Sauti. Wakaendelea hivyo, yeye kule, bibi huku, mita kumi za waya katikati yao, kama mtu na ng'ombe wanaofundishana kulima. Kufikia mwisho Issa alikuwa amekatiwa mara tisa, na mara ya tisa ilikuwa kwa sababu bibi aliona nzi juu ya swichi. Wanawali walitolewa kwa wimbo ule, na uwanja mzima ulikuwa unacheza.

Ikaja nusu ya kijana wa Masasi. Sitamsema vibaya, alipiga vizuri. Bi Asumini akaenda kukiangalia kinanda. Akakizunguka mara mbili, akainama, akachungulia chini ya meza.

"Mjukuu wangu, hiki kinakanyagwa wapi?"

"Hakikanyagwi, bibi."

"Sasa kitajuaje kunyamaza?"

Kijana akachungulia naye chini ya meza. Hata Makota akaziweka fimbo zake za ngoma chini.

Jioni, watu wakitawanyika, Makota alimwita Issa. Nilisogea, nikijifanya nakunja waya.

"Jumapili tuna shughuli Narung'ombe," Makota akasema. "Njoo na gitaa."

"Na kopo?"

"Kopo analo bibi. Tumemwomba kwa kuku, amekataa. Tumemwomba kwa khanga, amekataa."

"Anataka nini?"

Makota akakuna shingo. "Anataka kuja."

Ndivyo ilivyokuwa. Kijana wa Masasi akarudi kwao na kinanda chake, tena ameshiba. Chapchap Jazz wakazunguka vijiji vya Ruangwa na bibi wa miaka sabini mbele ya jukwaa, ameketi juu ya kopo la mkate. Kwenye karatasi walizobandika kwenye miembe na milango ya maduka waliandika majina ya wanamuziki wote. Mstari wa pili ulisomeka: gitaa, Issa. Wa tatu: mguu, Bi Asumini.

Mimi kazi yangu ilikuwa kubadilisha betri, na Issa alileta zilizokwisha hapa barazani, akachukua mpya, akaondoka siku hiyohiyo. Mama Zuhura alinunua kopo jingine. Baada ya miezi kadhaa shemeji akaja amejifunika kofia kama mwizi, akaniomba nimtengenezee saketi ya pili, yenye swichi ya siri, ndani ya gitaa, ili bibi akizima yeye awashe. Nikamwambia ni kosa. Akaniambia mafundi hawaulizwi maoni. Nikaitengeneza, na kwa ufundi mtupu ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza.

Ilimchukua Bi Asumini nusu ya wimbo kuigundua. Alichofanya sikuambiwa. Gitaa lilirudi kwangu tundu la swichi limezibwa kwa nta ya nyuki, na nta ina alama ya kidole gumba. Issa alikuwa amesimama nyuma ya gitaa hilo, mpole.

"Nitoe hii nta?" nikamuuliza.

"Iache," akasema. "Amesema nimeanza kusikilizika."